Mnatuuzia vitabu vya sauti vilivyokatwakatwa, vimesomwa na mashine, halafu mnaandika "kitabu kizima"!

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine salamu. Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili nikitafuta namna ya kuliandika kwa upole. Upole umenishinda.

Baba yangu alifundisha Kiswahili sekondari miaka 31. Sasa presha ya macho imemfikisha pabaya: mwanga anauona, vivuli anaviona, herufi basi tena. Mtu ambaye hakuwa analala bila kufungua kitabu, leo anashinda kibarazani na redio. Mwezi uliopita nikakuta programu moja ya simu inauza riwaya za Kiswahili za kusikiliza, na mojawapo ni riwaya ya Unguja aliyoifundisha mwaka hadi mwaka. Maelezo yanasema "kitabu kizima, kimesomwa kitaalamu". Nikalipa, nikaongeza bando, nikamwekea mzee spika ndogo kando ya kiti chake. Jina la riwaya sitalitaja, maana aliyeitunga hana kosa lolote.

Haikufika hata dakika ya tano, mzee akauliza: "Mwanangu, huyu anayesoma ni mtu?"

Hakuwa mtu, ilikuwa sauti ya kompyuta. Ng'ambo inaisoma "Ngambo". Ng'ambo, wakuu, ule upande wa mji wa Unguja ambako nusu ya kisa kinatokea! "Ng'oa" inageuka "ngoa", neno jingine kabisa, la wivu. Mwandishi kasema mlango ulifungwa barabara, yaani sawasawa, mashine inatamka barabara ya magari. Ikifika kwenye mwaka, inautaja kwa Kiingereza katikati ya sentensi ya Kiswahili. Bibi anayelilia maiti ya mwanawe na karani anayehesabu magunia bandarini wote wana sauti ileile. Mzee akayavumilia hayo yote kwa sababu ana kiu ya kitabu.

Kilichomvunja moyo ni sura zenyewe. Riwaya ile anayo kichwani. Ghafla akaniambia, "Simamisha. Hii ni ya nne. Ya tatu iko wapi?" Nikaenda kabatini nikatoa nakala yake ya karatasi, nikawa nafuatilia kwa kidole huku tunasikiliza. Sura ya tatu haimo. Ya saba wamebakiza mwanzo na mwisho, katikati wametupa. Kuna barua ambayo bila hiyo huelewi kwa nini binti anaondoka nyumbani, nayo wameikata. Kitabu kina kurasa 260. Ukurasa mmoja ukiusoma kwa sauti bila kukimbia, dakika mbili zinakwisha, kwa hiyo tunazungumzia karibu saa 9 za kusikiliza. Walichotuuzia ni saa 3 na dakika 40, na humo kuna kinanda kila sura inapofunguka!

Nikawaandikia wenye programu. Wakanijibu kwamba wasikilizaji wa siku hizi hawana muda wa vitu virefu.

Nani kawaambia? Dereva wa lori anayetoka Dar kwenda Tunduma hana muda? Fundi cherehani aliyeinama kutwa nzima hana muda? Mzee asiyeona, siku nzima kibarazani, hana muda? Hao ndio wenye masikio ya kitabu kirefu kuliko ninyi mnaokikata. Na msiniambie teknolojia ni ngumu. Mwaka 1935 Waingereza walianza kuwatumia vipofu vitabu kwenye santuri, wakiwafikiria kwanza askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza. Upande mmoja wa santuri ulibeba dakika kama 25 tu, riwaya moja ikawa furushi la santuri, na bado waliifunga wakaituma kwa posta. Leo simu inabeba maktaba nzima, ninyi mnamnyima kipofu sura ya tatu.

Kufupisha si haramu. Kaseti zilijaa vitabu vilivyofupishwa, lakini juu yake iliandikwa kwamba kimefupishwa, nawe ukanunua ukijua.

Mimi ni msikilizaji wa muda mrefu, sisemi kwa kubahatisha. Riwaya za zamani za Kiingereza nimezisikiliza bure LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti, ambako watu wa kujitolea wanasoma tangu 2005. Wengine kiti kinalia, wengine wanabadilishana kila sura hadi inachosha, ila ni watu, na kitabu kinafika mwisho. Kwa riwaya za sasa, msikilizeni mwigizaji Adjoa Andoh anavyosoma Americanah, riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie: anayetoka Lagos ana mdomo wake, wa Marekani ana wake. Amekisoma kitabu kwanza, akamjua kila mtu, ndipo akafungua kinywa.

Sasa fikirieni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ikipata msomaji wa namna hiyo. Yasmin, Mwajuma, Koplo Matata, Inspekta Wright: lugha ya kila mmoja imebeba mtaa wake na cheo chake. Ukimpa mtu asiyekijua Kiunguja, au mashine, umefuta nusu ya riwaya bila kung'oa ukurasa hata mmoja. Kusadikika ya Shaaban Robert ndiyo kabisa, Karama anajitetea mbele ya mfalme, kitabu kizima ni mtu anasema! Sentensi zake ndefu zinahitaji pumzi iliyopangwa. Na Nagona ya Kezilahabi mimi ningeipa sauti moja tu, ya polepole, bila muziki wowote, kwa sababu mle ndani kimya nacho kinasema. Mashine haijui kunyamaza. Inasimama penye nukta, basi.

Na wasomaji tunao. Kuna watangazaji wastaafu waliolelewa na redio, kuna waigizaji wa michezo ya redio, kuna walimu ambao darasa zima lilinyamaza walipofungua kitabu. Walipeni. Andikeni jina la msomaji, andikeni kitabu kinachukua saa ngapi, andikeni kama kimefupishwa, na mseme kama mwenye kitabu ameridhia na analipwa. Kwenye ukurasa wao sikuona hata moja kati ya hayo.

Mwenye kujua riwaya ya Kiswahili iliyosomwa yote na binadamu aliyejiandaa, aweke jina hapa, nitainunua leo hii hata kama ni ghali. Sura ya tatu nimemsomea mzee mwenyewe juzi usiku, akanisahihisha mara nne. Pesa yangu hadi naandika hapa hawajairudisha.