Kijitabu cha Azimio la Arusha cha babu: ni chapa ya 1967?

Mjukuu wa Kalenga:
Kamwene wakuu. Juzi tukisafisha dari la jiko la bibi huku Kalenga tumekuta kijitabu cha Azimio la Arusha, lile tamko la ujamaa la chama cha TANU, ndani ya sanduku la bati. Jalada limeliwa na panya, karatasi zimekuwa za kahawia kwa moshi, ila maandishi yanasomeka. Babu alikuwa balozi wa nyumba kumi wa TANU. Penye sharti la kiongozi kutokuwa na nyumba ya kupangisha kapiga mstari kwa penseli nyekundu, pembeni kaandika: "Mimi je?" Bibi anasema walikuwa na vyumba viwili vya wapangaji Iringa mjini.

Nitajuaje kama ni chapa ya 1967? Halafu binamu yangu anashikilia kuwa Azimio lilitoka kwa Kiingereza, Kiswahili ni tafsiri. Kweli?

Mzee wa Mwanjelwa:
Mjukuu, binamu kageuza mambo. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari 1967, Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Lilijadiliwa na kuchapwa kwa Kiswahili. Kiingereza kilifuata, tena tafsiri ya kwanza ilikuwa na utata, ikabidi irekebishwe; hiyo iliyorekebishwa ndiyo imo kwenye kitabu cha insha za Mwalimu Nyerere kuhusu ujamaa, cha 1968. Babu yako alisoma lenyewe. Inaniuma kuona vijana wetu wanalitafuta kwa Kiingereza.

Swali lake la pembeni lilikuwa zito. Soma mwisho wa sehemu ya tano: kiongozi ni pamoja na yeyote aliyechaguliwa au kuteuliwa kwa kifungu chochote cha Katiba ya TANU, na mume au mke wake. Hata bibi alihusika!

Kuhusu chapa, usipime kwa rangi ya karatasi, moshi unadanganya. Tafuta jina la mchapaji chini ya ukurasa wa mwisho. Ukikuta CCM, chama kilichoirithi TANU, ni cha baada ya Februari 1977.

Dada wa Njombe:
Nakusihi usibandike selotepu, gundi yake inakula karatasi. Kitie kwenye bahasha ya karatasi, mbali na jiko.

Mjukuu wa Kalenga:
Asanteni sana. Nimemulika kwa tochi ya simu. Ukurasa wa mwisho umechanika pembeni, imebaki "Dar es Salaam, 196", tarakimu ya mwisho haipo. Bibi nimemsomea hicho kifungu cha mke. Kanyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo maana aliviuza."