Kamera za mataa huwa zinapiga picha wakati gani hasa?

mwendo_pole: Wakuu naombeni mnieleweshe. Nimeingia makutano taa ikiwa njano, nikiwa katikati ikageuka nyekundu, mara flashi paa! Jamaa mmoja ananiambia hapo ushaliwa, subiri barua ya faini, mwingine anasema wala. Nani yuko sahihi? Na gari ukiwa umemwazima mtu halafu akanaswa, faini inaenda kwa nani?

waya_chini: Tulia mkuu. Kamera haina shida na saa uliyotoka, inataka kujua umevuka mstari saa ngapi. Nyingi zinatumia waya uliozikwa chini ya lami karibu na mstari, ukiangalia vizuri utaona lami imechanjwa mstatili, chuma kikipita juu yake mfumo unajua. Zingine siku hizi ni rada. Njano ikiwaka hairekodi kitu, inaanza kuvizia nyekundu ikishawaka. Halafu picha zinakuwa mbili, ya kwanza gari bado halijavuka mstari na taa nyekundu inaonekana, ya pili liko katikati ya makutano, na pale pembeni wanaandika nyekundu ilikuwa imeshawaka kwa muda gani. Hiyo flashi labda ilikuwa ya aliyekuja nyuma yako.

sidanganyiki: Zote hizo ni mashine za kukamua watu hela, tusidanganyane. Chicago ofisa wa jiji aliyekuwa anasimamia huo mradi alitiwa hatiani 2016 kwa kula rushwa ya kampuni iliyoleta kamera. Texas wao wakaona isiwe tabu, 2019 wakazipiga marufuku jimbo zima

bibi_breki: @sidanganyiki rushwa ni ya watu sio ya kamera bwana. Serikali ya Marekani ilitoa utafiti 2005, kwenye mataa yenye kamera ajali za kugongana ubavuni zilipungua karibu asilimia 25, ila za kugongwa nyuma zikaongezeka kama asilimia 15 kwa sababu watu wanakanyaga breki ghafla wakiiona njano. Sasa chagua mwenyewe, kugongwa bampa au kugongwa mlangoni pale ulipokaa. Mimi ugomvi wangu uko kwenye njano. Ikiwa fupi utanasa hata dereva mstaarabu, wala huhitaji kamera mbovu.

mwendo_pole: kwani njano inatakiwa iwe sekunde ngapi?

bibi_breki: Inategemea spidi ya barabara. Wanachukua kama sekunde moja ya wewe kushtuka, wanajumlisha muda wa gari kupunguza mwendo kwa breki za kawaida. Kwa kilomita 50 kwa saa inakuja kama sekunde 3 na kidogo, barabara ya mwendo mkali zaidi inabidi izidi hapo. Na hiyo hesabu ilitungwa kwa anayenyoosha, anayekata kona anapunguza mwendo kabla hajafika, kwa hiyo muda unamuishia njiani. Kuna jamaa wa Oregon kule Marekani, Mats Järlström, mke wake alinaswa na kamera 2013, mume akakaa chini akaipigia hesabu hiyo fomula akaonyesha kasoro. Unajua walimfanya nini? Bodi ya mainjinia ya jimbo ikampiga faini dola 500 eti anafanya uinjinia bila leseni 😂 Akaenda mahakamani akashinda, na 2020 chama cha wataalamu wa barabara kikatoa mwongozo mpya unaowafikiria na wanaokata kona.

sidanganyiki: hahaha kumbe na mimi nina pointi

waya_chini: @mwendo_pole lile la gari la kuazima linategemea sheria ya mahali. New York barua inakuja kwa mwenye gari kama vile umepaki vibaya, unalipa na leseni haiguswi. Ujerumani wanamtaka dereva mwenyewe, ndo maana kamera inapiga na sura, ukionekana sio wewe unaweza kupinga. Barua ikija usianze kugombana, soma kwanza nyekundu ilikuwa imewaka muda gani. Ikiwa ni robo sekunde hapo waulize njano yao ni ndefu kiasi gani. Ikiwa ni sekunde mbili nzima, lipa tu mzee.

mwendo_pole: 😅 sawa mkuu, nasubiri barua basi