Nguo za Tanga kwenye baridi ya Njombe: nichague zipi, na nizitunze vipi?

Mwalimu Mgeni aliuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari zenu. Nimezaliwa na kukulia Tanga, na tangu Februari nimehamishiwa Njombe kikazi. Nguo nilizokuja nazo ni zile za mwanamke yeyote wa pwani: madera sita, magauni ya kitenge, sketi ndefu za kazini, mabaibui mawili, mitandio na doti tano za kanga. Hadi Aprili sikuona shida, lakini Juni imeingia, na saa moja asubuhi ninapoingia darasani vidole vinakataa kushika chaki.

Nina matatizo matatu, nami nahisi yana chanzo kimoja, ambacho ni ugeni wangu. La kwanza, nilinunua sweta mbili za mtumba, moja nikaifua kwa maji ya moto na kuipekecha kama ninavyofua shuka, na ilipokauka ilikuwa imerudi kiasi kwamba sasa inamwenea mtoto wa jirani anayesoma darasa la pili. La pili, baadhi ya nguo nilizifungia kwenye sanduku la bati katikati ya mvua za Machi, na juzi nilipolifungua nilikuta buibui moja limeota ukungu mweupe begani, na kila kitu kinanuka uvundo. La tatu, gauni la kitenge nililoshonewa hapa mjini limenibana kifuani baada ya kufuliwa mara moja tu, na fundi anashikilia kwamba nimenenepa. Sikunenepa.

Mshahara wangu ni wa kuanzia, kwa hiyo naomba mnielekeze ni nguo zipi chache za kununua, na nizihifadhi vipi zile za joto, maana Desemba nitarudi Tanga kwa likizo na nitazihitaji zote.

---

Mama wa Nyanda za Juu alijibu:

Marahaba mwanangu, na pole. Mimi pia nilikuja huku nikitokea Bagamoyo, miaka mingi iliyopita, na sweta yangu ya kwanza ilikufa kifo hichohicho.

Hiyo yako ilikuwa ya sufu. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana ambayo macho hayayaoni, na ukiuweka kwenye maji ya moto kisha ukaupekecha, magamba hayo hushikana na kukazana mpaka kitambaa kinakuwa kizito na kifupi. Sweta ya sufu iliyorudi namna hiyo hairudi tena ilivyokuwa, kwa hiyo mwachie mtoto wa jirani. Inayofuata ifue kwa maji ya uvuguvugu au ya baridi, kwa sabuni ya maji isiyo kali, ukiiminya taratibu bila kuisugua. Usiisokote unapoikamua, bali izungushie taulo kavu na uikandamize, halafu ilaze juu ya mkeka au taulo jingine mpaka ikauke. Ukiining'iniza kwenye kamba ingali na maji, uzito wake utaivuta na mikono itakufika magotini.

Ukiwa sokoni na lebo imekatwa, unaweza kujua kitambaa kwa kuchomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani na kuuchoma kwa kiberiti ukifika nyumbani. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu hunuka nywele zilizoungua na huzimika yenyewe. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Uzi wa sweta ya pili uuchome leo kabla hujaitia majini. Lebo ikiwapo, isome: picha ya beseni lenye mkono ndani yake ina maana ya kufua kwa mkono, pembetatu iliyokatwa kwa mistari miwili inayopishana inakataza dawa ya kung'arisha, na nukta ndani ya picha ya pasi zinaonyesha joto, moja ikiwa ya chini kabisa na tatu za juu.

Kuhusu cha kununua, wageni wengi hukimbilia koti moja zito, na mimi naliona hilo kuwa kosa. Siku ya Njombe ina hali ya hewa tatu: asubuhi unatetemeka, saa saba mchana jua linakuchoma, na saa kumi na mbili jioni unatafuta moto. Koti zito utalivua mchana na kulibeba mkononi kama mzigo. Nunua sweta nyepesi mbili zenye vifungo mbele, taiti nene mbili, na jaketi moja la kukinga upepo, kisha uvae kwa tabaka juu ya nguo ulizonazo tayari. Pendelea sweta yenye sufu, hata ikiwa imechanganywa, kwa sababu sufu inaweza kunywa unyevu unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, ilhali pamba ikilowa jasho la kupanda mlima hukaa ngozini ikiwa baridi. Madera yako usiyafungie. Dera juu ya taiti, na sweta juu yake, ni vazi kamili la nyumbani, ila kama ni la poliesta litang'ang'ania taiti kwa sababu ya ukavu wa hewa ya huku, na dawa yake ni gaguro la pamba katikati.

Jambo moja ambalo watu wa pwani huliona kwa kuchelewa ni kwamba jua la huku halina joto kama la pwani, lakini linapausha kuliko la Tanga, kwa kuwa tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na miale yake haichujwi sana. Nguo zenye rangi zigeuze ndani nje kabla ya kuzianika.

---

Fundi wa Kina Mama alijibu:

Dada mwalimu, mimi ni fundi cherehani wa Morogoro, na kwa niaba ya mafundi naomba radhi. Hukunenepa. Kitambaa cha pamba kinapofumwa nyuzi huvutwa zikakazwa, na mara ya kwanza zinapokutana na maji hujilegeza na kurudi katika urefu wake, kwa hiyo kitenge ambacho hakikulowekwa kabla ya kukatwa lazima kipungue kikiwa tayari ni gauni. Siku nyingine, ukinunua kitenge, kiloweke kwenye maji usiku kucha, kisuuze, kianike, kipige pasi, ndipo ukipeleke kwa fundi. Kama gauni litakuwa na bitana, iloweke na bitana pia, kwa sababu vitambaa viwili vikipungua kwa viwango tofauti, pindo hujikunja na bitana huchungulia chini.

Mwambie fundi aache walau sentimita 2 za ziada ndani ya mishono ya ubavuni. Wengi wetu hatupendi, kwa kuwa tunabana kitambaa, lakini mwenye kitambaa ni wewe.

Nimeona pia kwamba kila mara swali la vitenge na kanga likiulizwa, atatokea mtu wa kushauri chumvi na siki ili rangi isichuje. Chumvi ina kazi yake kwenye pipa la mtia rangi, wakati rangi inaingia kwenye uzi; baada ya hapo haiwezi kuirudisha rangi iliyokwisha kulegea. Fua kanga mpya peke yake kwa maji ya baridi mara mbili tatu, mpaka maji ya kusuuzia yawe meupe, na usiiache imelowekwa pamoja na nguo nyingine hata kwa dakika tano.

Madera nayo yatazame vizuri. Mengi yale laini yanayoteleza mkononi ni ya viskosi, yaani uzi unaotengenezwa kiwandani kutokana na miti, na viskosi ikiwa imelowa hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, ndiyo maana huchanika kwenye kwapa siku ya kufua wala si siku ya kuvaa. Usiyasokote. Zipu zifungwe kabla ya kufua, maana meno yake hukwaruza na kuvuta nyuzi za nguo za jirani.

---

Bi Mkubwa wa Unguja alijibu:

Mwanangu, wenzangu wamekwisha kusema ya kufua na ya kushona, nami niseme la sanduku, kwa sababu sisi huku Unguja unyevu tunaishi nao mwaka mzima, iwe kaskazi au kusi.

Nakuuliza: siku ile ya Machi nguo zilikuwa zimekauka kweli, au zilikuwa zimekauka machoni tu? Shika pindo na ukosi, si mgongo, kwa sababu penye kitambaa mara mbili ndipo maji hujificha. Pili, je, ulizianua zikiwa na joto la jua ukazifungia papo hapo? Usiku bati linapopoa, ule mvuke huganda ndani ya kifuniko na kudondokea nguo za juu, na nadhani ndiyo sababu buibui lako limeota ukungu begani na si kwenye pindo. Nguo ikitoka juani iache ndani ya nyumba saa mbili tatu ipoe. Tandika shuka kuukuu la pamba chini na juu ndani ya sanduku, na kila mwezi chagua siku kavu ulifungue, uzikung'ute nguo na kuzibadilisha mikunjo.

Nguo yenye wanga usiihifadhi. Kanga mpya unaisikia ngumu na inanata kidogo kwa sababu ya wanga wa kiwandani, na wanga ni chakula cha ukungu na cha wadudu. Ifue kwanza uutoe, hata kama hutaivaa mwaka huu. Vivyo hivyo sweta za sufu: nondo huzitagia mayai, na buu wake hupenda zaidi palipo na jasho au tone la chakula, kwa hiyo inapofika Septemba zifue kabla ya kuziweka. Sisi tunaweka karafuu kwenye kijifuko cha kitambaa, na zinanukia vizuri, ila sitakudanganya kwamba zinaua nondo. Zile tembe nyeupe za nafthalini zinamuua, lakini hewa yake ni sumu, na kwa mtoto mchanga inaweza kuharibu chembe za damu. Nyumba yenye mtoto mimi siziingizi.

Buibui lako litoe nje, liache likauke kabisa, lipanguse ukungu kwa brashi laini ukiwa umeziba pua, kisha lifue kwa maji yenye kikombe cha siki nyeupe kwenye ndoo. Usiguse dawa ya kung'arisha yenye klorini, kwa kuwa itageuza weusi kuwa wekundu wa kahawia, na usiichanganye na siki kamwe, kwani hutoa hewa inayounguza mapafu. Likikauka vizuri, lifukize kwa udi kwenye chetezo. Harufu ya udi ni ya mwisho, si ya kufunika uvundo. Nimewaona wanawake wanaofukiza nguo mbichi, nao hunukia ukungu na udi pamoja.

Nina pingamizi dogo kwa wale wanaoshauri nguo zianikwe kivulini kila mahali ili zisipauke. Ukiwa Tanga Desemba, nguo mbichi ikikaa kivulini chini ya mwembe, kuna inzi anayetaga mayai juu yake, na buu wake huingia ngozini na kuota kama jipu. Anika juani ukiwa umegeuza ndani nje, na nguo za ndani zipige pasi pande zote mbili, pamoja na mishono.

---

Mwalimu Mgeni alirudi:

Ahsanteni sana, na Mungu awazidishie. Bi Mkubwa, umenishika pabaya: nguo zile nilizianua mbiombio wingu lilipotanda, na nikazifungia hapohapo. Buibui limefuliwa na siki na uvundo umetoka, ingawa bado kuna alama hafifu ambayo nadhani mtandio utaificha.

Uzi wa sweta ya pili nimeuchoma. Ulinuka nywele na pia ukaacha tone gumu dogo, kwa hiyo nadhani ni mchanganyiko, nami nimeifua kwa maji baridi na kuilaza juu ya taulo. Haijapungua hata kidole kimoja.

Limebaki gauni. Nimefumua kidogo ubavuni na ndani ya mshono nimekuta sentimita 1 tu, wala haitoshi. Nina kipande cha kitenge kilekile kilichobaki, na fundi wa hapa amekubali, baada ya mabishano, kuniongezea kipande chini ya kila kwapa. Nimpelekee Jumamosi?

---

Fundi wa Kina Mama alijibu:

Kipande cha kwapani kitafaa, na kikishonwa kwa umbo la almasi mkono utanyanyuka vizuri ubaoni. Lakini hicho kilichobaki bado hakijaona maji. Kiloweke leo usiku, ukikaushe na kukipiga pasi, ndipo Jumamosi umpelekee.