Hilux RN40 ya 1982: kutoa 12R ya petroli na kuweka 3L ya dizeli

Chesisi_ndefu
Wakuu, heshima kwenu. Gari ni Hilux RN40 ya 1982, chesisi ndefu, inasukuma nyuma tu. Injini yake ya petroli, 12R, imechoka, krankshafti imeshachongwa hadi saizi ya mwisho. Kazi yake ni kubeba mazao, kilo 800 hadi tani moja, lami na vumbi. Sitaki kurudi kwenye petroli.

Kuna injini mbili za dizeli za 3L sokoni. Moja imetoka kwenye Hiace, ipo kamili na gia boksi yake, bei nzuri. Ya pili imetoka kwenye Hilux, haina gia boksi, na ni ghali zaidi. Nichukue ipi? Na zaidi ya mauntingi (vishikio vya injini kwenye chesisi), nini kitanisumbua? Difu ina meno 39 kwa 8, yaani 4.875. Tairi ni 185R14.

Fundi_Spana17
Mkuu, chukua ya Hilux hata kama bei inauma. Injini ya Hiace inakaa chini ya viti imelala upande, kwa hiyo sampo (bakuli la oili chini ya injini), bomba la kunyonya oili, stiki ya kupimia oili, mikono ya mauntingi na hata ekzosi manifodi ni vya umbo lingine. Gia boksi yake nayo inaendeshwa kwa mbali, kuanzia usukani au kwa kebo, wakati wewe unahitaji fimbo inayotokea sakafuni. Ukishanunua vyote hivyo upya, unafuu wa bei umekwisha.

Tafuta gia boksi ya gia tano ya Hilux ya dizeli isiyo 4x4, na uhakikishe inakuja na kengele yake (kava linaloiunganisha na injini), fulaiwili, klachi pleti, plesha pleti, uma wa klachi, rilizi beringi na silinda ndogo ya klachi. Gia boksi ya 12R iache, kengele yake haiingiliani na bloku ya injini za familia ya L, ambamo 3L imo. Kuna watu huchonga sahani ya kuunganisha, lakini shafti ikipishana kidogo tu na kitovu cha krankshafti, pailoti beringi inakufa na gia ya kwanza inaanza kulia.

Kabla ya kulipa, pima kompresheni. 3L nzima inatoa karibu PSI 455. Chini ya 284 hiyo ni ya kufungua, na tofauti kati ya silinda isizidi 71. Wakati wa kupima, noseli au hita plagi (za kupasha moto silinda kabla ya kuwasha) zote nne ziwe nje na betri iwe na nguvu, la sivyo namba zinadanganya. Kisha iwashwe ikiwa baridi, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma maana yake ni gasketi au hedi yenye ufa, na hedi za familia hii hupasuka kati ya valvu zikishachemka mara moja. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Chesisi_ndefu
Asante sana fundi. Na mauntingi? Nikate za zamani nichomelee mpya, au kuna njia nyingine?

Fundi_Spana17
Mwili huo huo ulitoka kiwandani na dizeli ya L ya cc 2,188, yaani LN30 na LN40. Ukipata chesisi iliyokufa ya LN40, mabano yake ndiyo kipimo chako. Ukikosa, tengeneza kwa bati la milimita 6, usiende chini ya hapo, maana dizeli inatikisika kuliko petroli.

Utaratibu ndio watu wengi wanaoukosea. Funga injini na gia boksi pamoja kwanza, ndipo uzining'inize kwa winchi. Rudisha rejeta mahali pake, funga boneti, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama fimbo zake zinagusa sampo. Acha milimita 25 au zaidi kati ya feni na rejeta, na nafasi kama hiyo kati ya hedi na ukuta wa kabini. Weka pima-maji ya digrii kwenye flenji ya gia boksi na kwenye pua ya difu: pembe hizo mbili ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii moja. Hapo ndipo unapiga nukta za kulehemu. Hakikisha tena, toa injini, kisha lehemu kamili. Ukilehemu mpira ukiwa ndani unaungua, na ukisahau kuchomoa betri na altaneta unaweza kuua dayodi.

Propela, shafti ya kutoka gia boksi hadi difu, itabadilika urefu. Pima gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, na uma wa mbele wa propela, ule unaoingia kwenye gia boksi, ukiwa umevutwa nje milimita 20 hadi 25 kutoka mwisho. Yako ina vipande viwili na beringi ya katikati, kwa hiyo fupisha au refusha kile cha mbele tu, na ukipeleke kubalansiwa. Usikubali neno "itakaa tu".

Waya_Mwekundu
Niongezee upande wa umeme, maana hapo ndipo gari nyingi za namna hii zinarudi gereji.

Pampu ya dizeli ya 3L ina solenoidi ya kuzimia, inataka volti 12 muda wote swichi ikiwa ON. Wengi huchukua waya uliokuwa unakwenda kwenye koili. Ni sawa, ila koili za zamani za platini mara nyingi zina resista, na baada ya resista hupati volti 12 kamili injini ikizunguka. Solenoidi inashika na kuachia, gari linazima mlimani, na fundi anahangaika na filta. Chukua waya kabla ya resista.

Altaneta ya 3L ina regyuleta ndani. Katauti (regyuleta) ya zamani iliyo pembeni itoe kabisa. Kwenye vituo vya altaneta: B iende betri kwa waya mnene, IG kwenye swichi, L kwenye taa ya chaji.

Hita plagi soma volti zilizoandikwa ubavuni. Toyota wametoa za volti tofauti, na za volti ndogo ukizipa 12 moja kwa moja zinaungua siku chache tu. Nunua za volti 11 au 12, rilei ya ampea 80, waya wa milimita mraba 10 na batani ya kubonyeza. Sekunde 10 hadi 15 asubuhi zinatosha. Betri iwe ya saizi N70, na nyaya nene za ardhi ziwe mbili, moja kutoka injini hadi chesisi na nyingine kutoka chesisi hadi betri. Ardhi mbovu ndiyo inayokula kebo ya eksileta, kwa sababu umeme wa stata unatafuta njia.

Sensa za temperecha na oili tumia za zamani zinazoendana na geji zako kama uzi unakubali. Sensa ya 3L kwenye geji ya 12R inaweza kuonyesha baridi wakati maji yanachemka.

Dizeli_Pwani
Ndugu, breki hamjazigusa. Injini ya petroli ilikuwa inavutia hewa ya busta (kisaidizi cha pedali ya breki) kupitia manifodi. Dizeli haina huo mvuto, ndiyo maana altaneta ya 3L ina pampu ya vakyumu mgongoni. Pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini: ina bomba dogo la kuingiza na mpira mnene wa kurudisha sampo. Mpira wa kurudisha ukikunjwa, oili inajaa kwenye pampu na kuingia kwenye busta. Ukinunua altaneta ya kawaida bila pampu, pedali itakuwa jiwe ukiwa na tani moja nyuma.

Tangi la petroli litoe, lioshwe kwa dizeli lita 3 au 4 mara mbili, likaushwe. Petroli ikibaki inaondoa ulainishaji ndani ya pampu. Pampu ya umeme ya zamani kama ipo itoke. Bomba la kwenda linaweza kubaki, lakini unahitaji la kurudi, milimita 6, hadi juu ya tangi. Weka kichungi chenye kitenga-maji na pampu ya mkono, karibu na injini.

Rejeta ya 12R usijaribu. Tumia ya Hilux ya dizeli pamoja na kava la feni. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile ya moto, na mwisho wake ni ile hedi iliyotajwa juu.

Taimingi belti badilisha kabla injini haijaingia, pamoja na beringi ya kukaza na sili za mbele, hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni. Ukishaifunga zungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, kisha angalia alama za krenki, kemshafti na pampu zimerudi.

Chesisi_ndefu
Hili la vakyumu lingenipita kabisa. Na difu, niiache?

Fundi_Spana17
Piga hesabu. 3L inatoa nguvu yake ya juu, karibu hp 90, kwenye rpm 4,000, na safari ndefu uipeleke 3,000 tu. Tairi yako inatembea karibu mita 2 kwa mzunguko. Gia ya tano ikiwa 0.85, na difu 4.875, utapata karibu km 87 kwa saa. Ukiweka ya 41 kwa 10, yaani 4.1, utapata kama 103. Kwa tani moja na barabara za milima, mimi ningeiacha 4.875. Kwa lami tambarare, 4.1 inaokoa mafuta.

Waya_Mwekundu
Namba ya injini mpya na aina ya mafuta viingizwe kwenye kadi ya usajili wa gari mapema, kwa mamlaka ya mapato (TRA) Tanzania, na mamlaka ya usafiri (NTSA) kwa wenzetu wa Kenya. Omba risiti ya mauzo yenye namba ya injini siku hiyo hiyo unayolipa, na uilinganishe na iliyogongwa kwenye bloku. Kama namba imesagwa, usiichukue.