MR2 ya 91: AC nimejaza gesi mara tatu, kila baada ya wiki mbili imekufa

Kijana wa Tabata:
Wakuu habari za saa hizi. Nina Toyota MR2 ya 1991, ile SW20 injini iko nyuma ya siti. Gari naipenda kufa ila AC imenishinda tabia. Nilipoinunua ilikuwa haipozi kabisa, fundi mmoja akajaza gesi ikawa kama friji, wiki mbili tu ikaanza kutoa upepo wa kawaida, nikarudi akajaza tena, ikarudi kule kule, hii ni mara ya tatu sasa na pesa inaondoka tu. Juzi kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi ya AC, imeanza kulia kama inasaga mchanga. Fundi anasema imekufa ninunue used. Na gari yenyewe ina vile vioo viwili vya juu, jua linaingia utosini, foleni ya Mandela Road nafika kazini shati limelowa.

Mkwaju:
Si ufungue hivyo vioo mkuu 😂 AC ya Mungu haivuji

Fundi Baridi:
Mdogo wangu acha kwanza kununua kompresa. Gesi ya AC haiishi kama petroli, inazunguka humo humo, ikipungua ujue inavuja na anayekujazia bila kutafuta tundu anakula hela yako tu.

Halafu gari ya 91 ilitoka kiwandani na R12, ile gesi ya AC ya zamani iliyopigwa marufuku kwa ajili ya ozoni. Sasa hivi utajaziwa R134a, gesi iliyochukua nafasi yake, sawa inafanya kazi, ila oili ya zamani haichanganyiki na gesi mpya, inabaki imelala kwenye mapaipu na kompresa inazunguka kavu. Huo mchanga unaousikia ndo huo. Alimwaga oili ya zamani akaweka ya R134a? Alibadilisha oringi (mipira ya kuzibia maungio) na draya (kichujio kinachonyonya unyevu)? Alivuta hewa kwa mashine angalau nusu saa akaangalia geji kama inasimama? Kama alichomeka tu chupa akajaza basi hapo hakuna kazi iliyofanyika.

Mama Zawadi wa Mbezi:
Na muulize amejaza gesi gani kweli, kuna wanaochanganya na gesi ya jikoni. Inapoza ndiyo, lakini ikivujia ndani ya gari na cheche moja tu, weee.

Dogo wa Keko:
Niliwahi kuwa nayo hiyo. Kompresa iko nyuma kwenye injini, kondensa, ile rejeta ya AC, iko mbele kabisa, kwa hiyo paipu zinapita chini ya gari urefu wote, na gari ipo chini halafu barabara zetu unazijua. Pandisha kwenye lifti upapase paipu zote, palipo na vumbi limeganda na mafuta mafuta ndo pamevuja. Angalia hasa kwenye vile vishikizo vinavyoshika paipu, maji yanakaa pale alumini inaliwa taratibu. Pia ikiwa inapoza ukitembea na kwenye foleni inagoma, cheki feni za mbele kabla hujalaumu gesi.

Kijana wa Tabata:
Wakuu nimerudi. Dogo wa Keko Mungu akubariki, tumeshusha kikava cha chini, kwenye kishikizo cha pili kutoka mbele paipu imetoboka tundu la sindano na oili imezunguka pale nyeusi tii. Fundi mwingine kapiga naitrojeni na povu la sabuni, mapovu yakatoka hapo hapo, sehemu nyingine safi. Kesho inachomelewa. Yule wa kwanza nimempigia kuhusu oili kasema "oili ni oili".

Fundi Baridi:
😂😂 Haya. Kabla ya kufunga mfumo fungua kompresa umwage oili kwenye kitambaa cheupe. Ikitoka na unga wa chuma, hiyo kompresa imekwenda, na hata ukiweka nyingine usafishe paipu zote na kubadilisha valvu ya kupunguza presha ya gesi na draya, la sivyo huo unga unaua na mpya. Kondensa pia, vile vijia vyake vikishaziba havisafishiki vizuri. Ikitoka safi weka oili sahihi ujaribu nayo. Gesi ipimwe kwa mizani, R134a inaingia kama asilimia 80 mpaka 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa kwenye stika. Ukizidisha presha inapanda na baridi hupati.

Kijana wa Tabata:
Stika yenyewe imefutika nusu lakini namba inasomeka. Kitambaa nitaleta picha kesho jioni.

Mkwaju:
Vioo bado vinafunguka lakini?