Chakula kikibeba jina la nchi, wenye nchi waulizwe kwanza?

Mleta mada: Wakuu, habari zenu. Kuna kile kitafunwa cha tabaka tabaka za siagi ambacho kwa Kiingereza kinaitwa "danish", yaani cha Denmark. Kiombe kwa jina hilo Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, watakuonyesha *wienerbrød*, yaani mkate wa Vienna, mji mkuu wa Austria. Sababu yao ipo: mwaka 1850 waokaji wa Denmark waligoma, wenye viwanda vya mikate wakaagiza mafundi kutoka Austria, mgomo ukaisha lakini ufundi ukabaki. Vienna nako kuna *Kopenhagener Plunder*, yaani kitafunwa cha Copenhagen. Kila mmoja anamsingizia mwenzake.

Sasa wapo wanaotaka menyu zirekebishwe, kila chakula kiitwe vile wenye nchi wanavyokiita. Mimi napinga. Jina la namna hii linakueleza aliyekipa chakula jina alikikuta wapi, au alikipata mkononi mwa nani, basi. Wareno waliuza machungwa matamu, ndiyo maana Mgiriki anasema *portokali*, Mturuki *portakal*, Mwarabu *burtuqal*, yote kutokana na Portugal, yaani Ureno. Mreno mwenyewe anasema *laranja* na maisha yanaendelea. Bata mzinga ndiyo kichekesho kabisa: Mwingereza kampachika Uturuki, Mturuki anamwita *hindi*, Mfaransa *dinde*, yaani wa India, Mreno *peru*. Ndege mwenyewe alianza kufugwa Mexico! Wote wamekosea na hakuna aliyeumia.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hapo kwenye "hakuna aliyeumia" umeteleza. Chukua kahawa ya Kituruki. Buni inasagwa laini kama vumbi, inawekwa na maji kwenye kijungu kidogo cha mkono mrefu, povu likipanda unaiepua kabla haijafurika, unaimimina na unga wake unatuama chini ya kikombe. Wagiriki walikuwa wakiiita ya Kituruki bila shida. Mwaka 1974 Uturuki ilipoivamia Cyprus, kisiwa chenye Wagiriki wengi, jina hilo likawa halinyweki. Ikawa kahawa ya Kigiriki. Kijungu ni kilekile, Mturuki anakiita *cezve*, Mgiriki *briki*. Halafu mwaka 2013 UNESCO ikauingiza utamaduni wa kahawa ya Kituruki kwenye orodha ya urithi, kwa jina la Uturuki. Mwambie Mgiriki wa Cyprus aliyekimbia nyumba yake kwamba jina ni jina tu.

Mchangiaji wa pili: Mfano mzuri, ila unamsaidia mleta mada. Jina hilo walilibadilisha wanywaji wenyewe. Likitoka juu kwa amri, huwa vituko. Mwaka 2003 Ufaransa ilikataa vita ya Iraq, na kwenye mkahawa wa Bunge la Marekani chipsi "za Kifaransa" zikageuzwa "chipsi za uhuru". Kufika 2006 jina la zamani limerudi kimyakimya. Mfaransa hapo hakupoteza kitu, kwake ni *frites*, na kamwe hajaziita za Kifaransa.

Mchangiaji wa tatu: Mnazungusha maneno, pesa hamzitaji. Kuna jibini ya matundu inayouzwa kwa jina la "Swiss" na ng'ombe wake hajawahi kuiona Uswisi. Waswisi wanaiita *Emmentaler*, kutokana na bonde la mto Emme. Mfugaji wa bonde hilo anashindana na jina la nchi yake mwenyewe! Wagiriki walikuwa wajanja: feta, jibini yao ya maziwa ya kondoo na mbuzi, waliipigania hadi Mahakama ya Ulaya, na mwaka 2005 wakashinda, ndani ya Umoja wa Ulaya hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuza jibini kwa jina hilo. Wakati huo Denmark ilikuwa ikiitengeneza kwa wingi tu, tena kwa maziwa ya ng'ombe.

Mleta mada: Ndugu wa tatu, hapo sikupingi, ila hiyo ni bidhaa na mimi nasemea mapishi. Kilichofungwa kwenye pakiti na kupigwa lebo ya nchi kitoke kweli nchi hiyo. Waswisi wameshaweka sheria: tangu 2017, chakula kingi cha kiwandani kinachojinadi kuwa cha Uswisi lazima walau asilimia 80 ya uzito wa malighafi itoke kwao, na maziwa yote. Wenye chokoleti ya Toblerone walipohamishia sehemu ya uzalishaji Slovakia, ikabidi mlima Matterhorn uondoke kwenye pakiti. Safi kabisa.

Lakini mapishi utayadai vipi? Saladi ya Kirusi, ile ya viazi na mayonezi, Warusi wanaiita *Olivye*, kwa jina la Lucien Olivier, mpishi wa mgahawa wa Hermitage, Moscow, karne ya 19. Denmark wana ndugu yake wa karoti na njegere, wanamwita saladi ya Kiitaliano. Nani amshtaki nani?

Mchangiaji wa pili: Na pizza ya Hawaii, ile ya nanasi? Aliyeibuni mwaka 1962 ni Sam Panopoulos, Mgiriki aliyehamia Kanada. Waitaliano wanaikana, Hawaii haihusiki. Nadhani Kanada wamenyamaza kwa makusudi.