MREJESHO: Simu feki niliyouziwa Insta, hela imerudi ila sio yote

Habari zenu wadau, mimi ndo yule niliyeomba ushauri mwezi uliopita, nilinunua Samsung kwa laki tatu na themanini kwa muuzaji wa Insta, mzigo umefika kwa basi nafungua nakuta kopi, kamera inatoa picha kama imepakwa mafuta.

Kwanza asanteni sana jamani, nilikuwa nimeshakata tamaa. Yule aliyesema nibonyeze *#06# halafu niitume IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, kwenda 15090, Mungu akubariki ndugu yangu, maana jibu lilikuja na jina la simu nyingine kabisa ya bei chee, na namba yenyewe haifanani hata na ya kwenye boksi. Nikapiga skrinshoti, nikaweka pamoja na meseji ya muamala, chati zote na lile tangazo la muuzaji la "orijino", nikamtumia huyo muuzaji nikamwambia kwa ustaarabu nampa siku tatu, baada ya hapo napeleka polisi na Tume ya Ushindani, FCC.

Akanibloku. Nikamtafuta kwa namba ya dada yangu, siku ya pili akatuma laki mbili na nusu, iliyobaki kila siku ni kesho.

Kupigia mtandao wa simu warudishe muamala haikusaidia, hela alishaitoa zamani. Simu sijairudisha, naishika kama ushahidi, Jumatatu nafungua malalamiko FCC kwa hiyo laki na thelathini.